Kifuta jasho si fidia: tembo mmoja, sheria mbili

Nilikuwa uwandani nakusanya data za shahada ya uzamili, upande wa magharibi wa Kilimanjaro, kijana wa kijijini alipokuja kunigongea alfajiri. "Kaka, wamepita tena usiku." Nikachukua daftari, GPS na futi ya kupimia, tukaenda. Shamba lilikuwa la mama mmoja niliyekuwa nimeshazoea kunywa chai kwake. Mahindi yalikuwa yameanza kukauka, bado wiki mbili tatu avune. Usiku ule tembo dume wanne walikuwa wamepita. Mabua yamelala chini, nyayo ukubwa wa sinia zimezagaa, na kinyesi kimejaa punje ambazo hazikusagika.

Nikamwamkia, nikampa pole, kisha nikafanya nilichofundishwa. Nikainama nikaanza kupima nyayo. (Urefu wa unyayo wa mguu wa nyuma unakupa makadirio mazuri tu ya umri wa tembo, ndiyo maana tunahangaika nao.) Mama akaniangalia kwa muda, akasema: "Mwanangu, wewe unapima mguu wake. Shamba langu atalipima nani?"

Nikacheka kwa aibu. Akaongeza: "Na hebu nieleze wewe uliyesoma. Huyu tembo ni wa nani?"

Sikuwa na jibu la maana. Nilisomea ikolojia, na sheria kwetu ilikuwa kozi moja tu ya muhula wa mwisho, ile ambayo kila mtu anasoma usiku wa kuamkia mtihani. Makala hii ndiyo jibu langu lililochelewa.

Tembo ni wa nani?

Kisheria, kwa Tanzania, jibu lipo wazi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, na wako chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Neno la kushika hapo ni mdhamini. Rais hamiliki tembo kama mimi ninavyomiliki kuku. Anamshika kwa ajili yetu sote, mimi, wewe, na yule mama. Na Katiba nayo, ibara ya 27, inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili za nchi.

Wazo hili halikuzuka 2009. Utawala wa Kijerumani uliingilia mapema sana. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kudhibiti uwindaji na kutenga maeneo mawili ya kwanza ya hifadhi, moja Rufiji na jingine, angalia hili, magharibi mwa Kilimanjaro. Yaani ardhi ile niliyosimama na futi yangu ina historia ya zaidi ya miaka mia moja ya kuambiwa nani awinde na nani asiwinde. Waingereza wakaja na sheria zao, kisha baada ya uhuru ikaja Sheria ya 1974, na hiyo ndiyo iliyofutwa na hii ya 2009. Watawala wamebadilika, lakini kitu kimoja kimebaki: mnyama anakula kwa mwananchi, na maamuzi juu yake yanatoka mbali.

Sasa tuelewane kuhusu kitu ambacho wanafunzi wengi tunakichanganya, mimi nikiwa wa kwanza. Kuna sera, kuna sheria, na kuna kanuni. Sera ni tamko la Serikali kwamba inataka kuelekea wapi. Tanzania ilikuwa na Sera ya Wanyamapori ya 1998, ikafanyiwa marekebisho 2007, na humo ndimo lilimokuzwa wazo kwamba vijiji vinavyoishi na wanyama navyo vinufaike. Lakini huwezi kumpeleka mtu mahakamani kwa kuvunja sera. Sheria inapitishwa na Bunge, na hiyo ndiyo inayofunga mikono ya watu, ya Serikali ikiwemo. Kanuni zinatungwa na waziri kwa mamlaka aliyopewa na sheria, kujaza yale mambo madogo madogo: fomu ipi, muda gani, kiasi gani.

Ukisikia "kiasi gani", simama. Mara nyingi maisha ya mtu yanaamuliwa kwenye kanuni, si kwenye sheria. Sheria inasema waziri anaweza kuweka viwango vya kuwashika mkono walioumizwa na wanyama wakali au walioharibiwa mali. Viwango vyenyewe vikaja kwenye kanuni za mwaka 2011. Kwa lugha ya mtaani, na hata bungeni, malipo hayo yana majina mawili: kifuta jasho kwa mazao na mifugo, kifuta machozi kwa mtu aliyeumizwa au kuuawa.

Kwa nini hawakusema fidia?

Mimi nadhani hili ndilo swali zito kuliko yote, na kwa bahati Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Fidia ni deni. Anayelipa fidia amekiri kwamba kuna kitu chako kimepotea kwa sababu inayomhusu, na sasa anakirudisha kwa thamani yake. Kwenye sheria za ardhi za Tanzania za mwaka 1999 neno hilo lina masharti yake: fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe kwa wakati. Ukichukuliwa shamba kwa ajili ya barabara unaweza kusimama juu ya maneno hayo na kudai.

Kifuta jasho hakina msimamo huo. Anayekupa leso ujifute hajasema kwamba yeye ndiye aliyekutoa jasho. Kwa ninavyoisoma mimi, sheria imelichagua neno hilo kwa makusudi: inakubali kukupa pole, haikubali kwamba inadaiwa. Na ukiangalia upande wa Serikali, hoja yao ina uzito. Nchi ina makumi ya maelfu ya tembo, achilia mbali viboko, nyati, mamba na simba. Ukiandika neno fidia kwenye sheria, kila gunia lililoliwa usiku linageuka deni la Hazina.

Sawa. Lakini tufanye hesabu ya shamba la mama, maana niliifanya palepale. Viwango ninavyotumia ni vya kanuni za 2011, ndivyo vilivyokuwa vikitumika nilipokuwa uwandani.

Shamba lilikuwa ekari mbili. Alitegemea magunia 18. Gunia msimu ule lilikuwa linakwenda shilingi 70,000, hivyo pale chini palikuwa pamelala shilingi 1,260,000. Kwa mujibu wa kanuni, mazao hulipwa kwa ekari, na haizidi ekari tano hata kama umepoteza ishirini. Kiwango kinategemea shamba liko umbali gani kutoka mpaka wa hifadhi: kinaanza shilingi 25,000 kwa ekari kwa walio karibu, kinapanda kadiri unavyokwenda mbali, mpaka shilingi 100,000 kwa ekari kwa aliye zaidi ya kilomita tano. Hivyo hata angekuwa mbali kabisa, mama angepata 200,000. Kwa jasho la shilingi milioni moja na ushee, ni leso ndogo.

Ila hakuwa mbali. Walio ndani ya mita 500 kutoka mpakani hawapati kitu. Nikawasha GPS, nikatembea mpaka kwenye bikoni ya hifadhi, nikarudi. Mita 460.

Nilirudia kupima mara mbili, nikitumaini satelaiti zimekosea.

Mantiki ya mita 500 si ya kijinga. Sheria inalitazama eneo hilo kama kinga kati ya watu na wanyama, na haitaki kumpa mtu sababu ya kwenda kulima mlangoni mwa tembo. Ukimlipa vizuri aliye mpakani, kesho wanakuja wengine kumi. Hoja hiyo nimeisikia kwa maafisa wanyamapori na sioni aibu kusema ninaielewa. Shida ni kwamba inachukulia kila aliye mpakani amekwenda pale kwa kutaka. Mama aliniambia baba mkwe wake alilima pale kabla ya bikoni hiyo kusimikwa. Sina njia ya kulithibitisha hilo, lakini kanuni nayo haiulizi. Inapima umbali, haipimi nani alitangulia. Matokeo yake anayekutana na tembo mara nyingi zaidi ndiye anayepata kidogo zaidi, au patupu.

Na sijagusa kifuta machozi. Kwa kanuni hizohizo, mtu akiuawa na mnyama familia ilikuwa inapewa shilingi milioni moja. Ulemavu wa kudumu ulikuwa laki tano. Jeraha lisilo la kudumu lilikuwa laki mbili. Linganisha na magunia 18 hapo juu. Ndiyo, umesoma vizuri, mahindi ya ekari mbili yalikuwa na thamani kuliko kifo cha aliyeyalima. Si ajabu wabunge wa majimbo yanayopakana na hifadhi wamekuwa wakisimama mwaka hadi mwaka kutaka viwango vipandishwe. Na kwa kuwa viwango viko kwenye kanuni, waziri anaweza kuvipandisha bila kupeleka muswada wowote bungeni. Hiyo ndiyo faida ya kuweka namba kwenye kanuni. Hasara yake ni kwamba zinaweza pia kukaa miaka mingi kimya, shilingi ikishuka thamani, na hakuna anayelazimika kuzigusa.

Ng'ambo ya mpaka

Mama ana dada yake aliyeolewa Loitokitok, Kenya. Si mbali, siku za soko watu wanavuka na kurudi. Kwa hiyo alikuwa anajua kitu ambacho mimi na digrii zangu sikuwa nacho kichwani: "Kwa dada yangu, tembo akiua mtu wanaandika milioni tano. Na zile za kwao ni nzito."

Ni kweli. Kenya ilipitisha Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori mwaka 2013, ikaanza kutumika Januari 2014. Sheria hiyo haioni haya kulitumia neno fidia. Kifo ni shilingi milioni tano za Kenya, ulemavu wa kudumu milioni tatu, jeraha jingine hadi milioni mbili. Kabla ya hapo kifo kilikuwa kinalipwa 200,000. Kwa kuwa shilingi yao ni zaidi ya mara kumi na saba ya yetu, milioni tano zao ni zaidi ya mara themanini ya milioni moja yetu. Mazao, mifugo na mali nyingine vinatakiwa kulipwa kwa bei ya soko. Madai yanaanzia kwenye kamati ya kaunti, ambayo inayakagua kabla hayajapelekwa juu.

Tena orodha ya kwanza ya wanyama wanaolipiwa ilikuwa ndefu mno. Tembo, simba, chui, kifaru na mamba, hao unawategemea. Lakini walikuwemo pia nyoka wenye sumu, papa, hata nyangumi. (Sijui ni mkulima gani aliyevamiwa na nyangumi, ila mwandishi wa sheria alitaka kuwa na uhakika.) Nyoka ndio walioleta kazi, kwa sababu madai ya kuumwa na nyoka yalikuwa mengi kupita kiasi, na baadaye wakaondolewa kwenye orodha.

Sasa angalia tofauti ya pili, ambayo kwangu ni kubwa kuliko ya pesa. Kenya imeweka milioni tano ndani ya sheria yenyewe, siyo kwenye kanuni. Waziri hawezi kuipunguza kwa kalamu yake. Ni haki iliyopitishwa na Bunge. Halafu Bunge hilohilo linapopitisha bajeti, fungu linalotengwa halifiki popote karibu na madai. Matokeo yake madeni yamelimbikizana hadi mabilioni ya shilingi, na familia zinasubiri miaka. Jirani wa dada yake mama alimpoteza mume kwa tembo. Fomu zilikamilika, kamati ikakubali, na mwaka wa nne ulikuwa unakwisha bila hela.

Kwa hiyo dada wawili, mmoja huku na mwingine kule, kila mmoja ana malalamiko yake. Huku sheria inaahidi kidogo. Kule inaahidi sana, na anayeahidiwa anazeeka na karatasi mkononi. Nikilazimishwa kuchagua, nitachukua neno la Kenya, kwa sababu mwenye deni anaweza kudaiwa hata miaka kumi ikipita, wakati huwezi kumdai mtu pole. Lakini nitaomba likae na namba ambayo Hazina inaweza kuilipa ndani ya mwaka mmoja.

Kuna kifungu kimoja cha Kenya ambacho ningependa wanasheria wetu wakitazame kwa makini. Hulipwi kwa mazao au mifugo kama hukuchukua hatua zinazofaa kujikinga, au kama matumizi yako ya ardhi hayaendani na mpango wa usimamizi wa eneo. Ni kifungu kizuri, kwa sababu kulipa peke yake hakupunguzi tembo shambani. Lakini "hatua zinazofaa" ni zipi kwa mtu mwenye ekari mbili? Uzio wa umeme hauwezi. Uzio wa mizinga anaweza, akisaidiwa kuuanza. Watafiti nchini Kenya walionyesha kwamba tembo wanakimbia sauti ya nyuki waliochokozwa, na kutokana na hilo mizinga ikaanza kutundikwa kwenye waya kuzunguka mashamba, hasa huko Sagalla, Taita Taveta. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Na mkulima anapata asali. Wengine wanatumia pilipili, iwe ya kuchoma na kinyesi ili ifuke moshi, au ya kupakwa kwenye kamba na oili chafu. Havizuii kila tembo, kila siku. Dume aliyezoea mahindi ni mkaidi, na wavamizi wengi wa mashamba ni madume.

Madume wale wanne

Hapa ndipo ikolojia na sheria zinapogongana. Nyayo nilizopima zilikuwa za madume wakubwa. Eneo lile ni sehemu ya mfumo mmoja wa ikolojia, kuanzia misitu ya Kilimanjaro, kupita ushoroba wa Kitendeni na eneo la jumuiya la Enduimet wilayani Longido, mpaka hifadhi ya Amboseli upande wa Kenya. Wanakunywa huku, wanakula kule. Kuna uwezekano mkubwa kwamba hata hao wanne walikuwa wamewahi kupigwa picha na watalii wa Amboseli.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na haijarudi nyuma. Sheria ya 2013 ilipoanza, kosa linalohusu mnyama aliye hatarini kutoweka lilikuwa na faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha. Tanzania nayo iliwahi kusimamisha uwindaji, 1973, ikaufungua tena 1978. Leo uwindaji wa kitalii unaruhusiwa kwa leseni kwenye mapori ya akiba na maeneo ya jumuiya za hifadhi, siyo kwenye hifadhi za taifa. Kwa tembo, anayepigwa ni dume peke yake, tena mwenye pembe zilizofikia kiwango kilichowekwa.

Sasa piga picha tembo dume anavuka mpaka asubuhi. Saa tano asubuhi kumpiga risasi ni jinai nzito. Akishatembea hatua mia mbili kuelekea kusini, ni biashara halali ya mwenye leseni inayokatiwa risiti. Mnyama ni yuleyule.

Hili si fumbo la darasani. Mwaka 1994 madume wa Amboseli waliojulikana na watafiti waliuawa na wawindaji upande wa Tanzania, kelele zikapigwa, na mwaka 1995 nchi mbili zikaelewana kwamba uwindaji wa tembo kwenye ukanda ule usimame. Ulisimama karibu miaka thelathini. Kuanzia Septemba 2023 hadi miezi ya mwanzo ya 2024 madume wasiopungua watano wakauawa, wakiwemo, kwa mujibu wa watafiti, wenye zile pembe kubwa mno za kilo 45 na kuendelea kwa kila moja. Tembo wa aina hiyo wamebaki wachache sana Afrika nzima. Nani alivunja sheria? Hakuna. Maelewano ya 1995 yalikuwa maelewano tu, hayakuwahi kuwa kifungu cha sheria wala kanuni. Kumbuka somo letu la mwanzo. Waliotarajia yafuate walikuwa wameegemea kitu ambacho huwezi kukipeleka mahakamani.

Wanaotetea uwindaji wana hoja ya sayansi, na ni vizuri kuijibu kwa sayansi badala ya matusi ya mtandaoni. Wanasema dume mzee ameshamaliza kazi yake ya uzazi. Amboseli tembo wamefuatiliwa mmoja mmoja tangu 1972, kazi iliyoanzishwa na Cynthia Moss, na vipimo vya vinasaba vya watoto vilionyesha kinyume: dume anaanza kuzalisha kwa wingi akiwa ameshapita miaka thelathini na anafikia kilele miaka ya arobaini. Majike wanamchagua mkubwa. Vijana wa kiume nao wanajifunza kwake na wanatulizwa na uwepo wake. Kwa hiyo pembe zinapofikia ukubwa wa kupendeza kwenye leseni, ndipo mwenyewe yuko kazini.

Lakini wana hoja nyingine pia, ya pesa, na hiyo siwezi kuipuuza nikiwa nimekaa mjini. Leseni moja ya tembo inaleta fedha, na sehemu inaingia kwenye jumuiya za vijiji. Ukifunga uwindaji bila kuweka kitu kingine, mwanakijiji anabaki na nini? Kwa Enduimet utalii wa picha unawezekana kwa sababu Kilimanjaro iko dirishani na Amboseli iko jirani. Kuna mapori ya kusini na magharibi mwa Tanzania ambako mtalii wa picha hafiki. Sheria moja ya kukataza kila mahali au kuruhusu kila mahali haitafaa. Ila kwa ukanda ule mmoja wa mpakani, kwa tembo wale wachache wanaojulikana kwa sura, sioni sababu ya kutoandika kanuni. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999, ibara ya 116, umeshazitaka nchi wanachama ziwe na sera za pamoja na zinazooanishwa za wanyamapori. Na Tanzania tangu 2018 ina kanuni za shoroba. Vifaa vipo mezani.

Watu hupenda kusema tembo hajui mpaka. Kwa kweli anajua zaidi ya tunavyodhani. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofanywa Amboseli ambapo tembo walisikilizishwa sauti za binadamu kwenye spika. Waliposikia mwanaume akiongea Kimaasai walijikusanya na kurudi nyuma kuliko waliposikia mwanaume akiongea Kikamba maneno yaleyale, na sauti za wanawake na watoto wa Kimaasai hazikuwatisha kiasi hicho. Wanajua nani huwarushia mikuki. Tembo anayeweza kutofautisha lugha mbili za watu anaweza pia kujifunza wapi bunduki zinalia na wapi mahindi hayana mlinzi.

Tukirudi shambani. Mita 460 au siyo, tuliamua kujaza fomu. Kama nawe unaishi karibu na hifadhi, nakushauri ufanye alivyofanya mama. Hakusafisha shamba kabla ya mtu kuja kukagua. Alikwenda kwa mtendaji wa kijiji asubuhi ileile, akaomba afisa wanyamapori wa wilaya aitwe. Tulipiga picha zenye tarehe. Majirani wawili wakasaini kama mashahidi. Na usijaribu kumfukuza tembo peke yako gizani. Ikitokea mnyama ameuawa katika kujitetea, toa taarifa mara moja, wala usiguse pembe, ngozi wala nyama, maana nyara zote ni mali ya Serikali na kukutwa nazo ni kesi nyingine kabisa, inaweza kufika hadi uhujumu uchumi.

Afisa alikuja siku ya tatu, kijana wa rika langu, amechoka, anatumia pikipiki moja kwa kata kadhaa. Akapima kwa GPS yake. Alipata mita 470. Akaandika namba hiyo kwenye fomu, akamwangalia mama, akaniangalia mimi, akasema atapeleka hivyohivyo, na kwamba kadiri madai ya namna hii yanavyorekodiwa ndivyo huko juu watakavyojua yapo.

Kabla sijaondoka nilimpa mama jibu lake. Nikamweleza kuhusu umma, Rais na mdhamini. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mdhamini ana ghala. Kisha akaichukua nakala ya fomu, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi za kliniki za wajukuu.

Msimu uliofuata nilipita kumsalimia. Amepanda pilipili mistari mitatu upande unaotazama hifadhi, na ametundika mizinga sita aliyopewa na kikundi cha akina mama. Miwili ina nyuki.